Kisiwa Kilichokuwa Mlima

Mwezi wa tatu mwaka jana nililipwa kuandika juu ya kisiwa ambacho sijawahi kukiona. Mteja alikuwa mbali, tuliwasiliana kwa barua pepe tu, na alitaka maneno elfu mbili kuhusu jiografia, hali ya hewa na jiolojia ya Corsica, kisiwa cha Ufaransa kwenye Bahari ya Mediterania. Hizi ndizo kazi ninazofanya tangu niache chuo mwaka wa tatu. Leo magodoro, kesho bima, kesho kutwa kisiwa. Nilikaa verandani kwetu Katito, stima zimepotea kama kawaida, laptopu imebaki na chaji kidogo, nikaandika kwamba Corsica ni mlima uliosimama baharini; kwamba Monte Cinto unafika mita 2,706; kwamba magharibi ni graniti na upande wa kaskazini mashariki ni miamba mingine iliyokunjwakunjwa; kwamba kiangazi huko ni kikavu na mvua huja wakati wa baridi. Yote kweli. Nilikuwa nimeyasoma.

Baba mkubwa akatoka nje na kikombe cha chai. "Unaandika nini hiyo, nyara?"

Nikamweleza. Kisiwa chenye milima, cha Wazungu, watu wanataka kukijua kabla hawajaenda likizo.

Akanywa chai. Kisha akaelekeza kidole magharibi, ambako siku hewa ikiwa safi unaona Mlima Homa umekaa peke yake kama chungu kilichopinduliwa. "Na vya kwetu umevimaliza?"

Baba mkubwa anakaa kwetu tangu 2020. Nyumba yake ilikuwa chini, upande wa Kusa, karibu na ziwa. Mwaka huo ziwa liliingia jikoni, likaingia chumbani, halafu likakataa kutoka. Kabla ya hapo alikuwa mvuvi, na ujana wake aliumalizia Mbita na visiwani. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimezaliwa saa chache tu kutoka Rusinga, na nilikuwa najua zaidi kuhusu Monte Cinto. Aibu hiyo ndiyo chanzo cha makala haya. Aibu, na swali lingine ambalo lilikuwa linazunguka nyumbani kwetu bila mtu kulitaja kwa sauti: je, mzee arudi kujenga kule chini?

Tuanze hapa nyumbani basi. Ukisimama stendi ya Katito na kutazama kusini, ukuta wa Nyabondo uko mbele yako. Tunauita mlima kwa mazoea tu. Juu yake ni tambarare, watu wanalima na kuchoma matofali, na kichwani umevaa lava ngumu iliyozuia mvua isiumalize. Ukigeuka kaskazini, ng'ambo ya mashamba ya mpunga ya Kano, kuna ukuta mwingine: milima ya Nandi. Katikati ya kuta hizo ardhi ilizama. Wanajiolojia wanauita Ufa wa Nyanza, tawi la lile Bonde la Ufa kubwa, ila hili letu limelala kutoka mashariki kwenda magharibi, na sehemu yake ya chini imejaa maji tunayoyaita Ghuba la Winam. Wi nam, kichwa cha ziwa. Yaani waliolipa jina waliliona kama kiumbe kilicholala, kichwa kikiwa kwetu.

Ardhi ikipasuka namna hiyo, moto unapata njia. Hesabu mwenyewe ukizunguka ghuba: Tinderet upande wa Koru na Fort Ternan, Homa pale, Ruri, Gembe, Gwasi. Zote ni volkano au masalia ya volkano. Hata Nyakach yetu ina matabaka yenye mifupa ya wanyama wa zamani za Mayosini, karibu miaka milioni 15. Nimesoma jambo hilo nikiwa mtu mzima. Shuleni tulifundishwa Kilimanjaro.

Kitu cha pekee kilichotufundisha jiolojia tukiwa watoto ni makorongo ya Katuk Odeyo. Msomaji wa mbali afikirie ardhi iliyochanwa na kisu, mahali pengine korongo ni refu kuliko nyumba, na kila masika linakula kipande kingine cha shamba. Nyanya alitukataza kuchunga mbuzi karibu na ukingo. Tulikwenda bado, na ukutani mwa korongo tuliona mistari: mwekundu, mweusi, wa kijivu, mweusi tena. Tulidhani ni mizizi imefanya hivyo. Kumbe kila mstari ni wakati.

Niliondoka Katito siku ya Jumanne na Probox iliyobeba watu tisa na mfuko wa mahindi. Barabara inavuka Mto Sondu Miriu, inashuka Kendu Bay, na hapo karibu ndipo kuna Ziwa Simbi Nyaima. Kila mtoto wa huku anaijua hadithi yake: bikizee aliomba hifadhi kijijini usiku watu wakicheza ngoma, wakamfukuza, mwanamke mmoja tu akamkaribisha, mvua ikaja, ardhi ikafunguka, kijiji chote kikazama. Wanasayansi wanasema Simbi ni shimo la mlipuko, joto la chini lilipokutana na maji. Sioni ugomvi mkubwa kati ya hao wawili. Wote wanakubaliana kwamba ilitokea kwa ghafla na kwamba maji yalihusika.

Baada ya Homa Bay vilima vinaanza kubanana, na ndipo ujue umeingia ndani ya maiti ya mlima mmoja mkubwa. Jina lake kwenye vitabu ni Kisingiri. Miaka milioni 20 hivi iliyopita volkano hii ilikuwa inajijenga hapa, kitovu chake mahali panapoitwa Rangwa, na sketi zake zikitambaa mpaka mahali ambapo leo ni maji. Mvua na mito vikaubomoa mlima kwa mamilioni ya miaka. Kilichobaki ni mzunguko wa pindo: vilima vya Gwasi, vilima vya Gembe, Kisiwa cha Rusinga, Kisiwa cha Mfangano. Unapoiona Rusinga kutoka Mbita, imeinuka kavu na yenye rangi ya kutu, unatazama pindo la nguo ambayo mwenyewe alishaoza.

Kisingiri haikuwa volkano ya kawaida. Majivu yake yalikuwa na chokaa nyingi sana. Leo duniani kuna volkano moja tu iliyo hai ya ukoo huo wa kaboneti, Oldoinyo Lengai kule Tanzania karibu na Ziwa Natron, ambayo lava yake hutoka nyeusi na nyepesi kama oili chafu, kisha baada ya siku chache inageuka nyeupe. Chokaa hiyo ndiyo sababu ya kila kitu kilichofuata Rusinga. Kwa kawaida msitu wa joto ni mahali pabaya pa kufia kama unataka kukumbukwa: udongo wake una asidi, mifupa inaliwa, jani linaoza kabla ya wiki kwisha. Lakini majivu ya Kisingiri yalikuwa kinyume cha asidi, na yakinyeshewa yaliganda kama simenti. Yalifunika mifupa. Yalifunika matunda na mbegu. Yalifunika wadudu, jambo ambalo hata wanasayansi waliona taabu kuliamini. Watu wa Mediterania wana Pompeii yao, mji uliofunikwa na Vesuvius mwaka 79. Sisi tuna msitu.

Na ninaposema msitu sitii chumvi. Mwaka 2014 Lauren Michel na wenzake walichapisha utafiti kwenye jarida la Nature Communications kuhusu visiki vya miti vilivyogeuka mawe Rusinga, bado viko palepale vilipoota, mizizi imetandazwa, karibu sana kiasi kwamba matawi lazima yaligusana juu. Umri, miaka milioni 18 hivi. Kati ya visiki hivyo walipatikana wanyama waliokuwa wakikaa kwenye miti ileile.

Mmoja wao ndiye aliyekipa kisiwa sifa. Tarehe 2 Oktoba 1948 Mary Leakey alikuwa anatembea kwenye mteremko wa Kiahera akaona meno. Lilikuwa fuvu la sokwe wa kale, lenye uso, la kwanza la aina yake kupatikana zima kiasi hicho. Mume wake Louis alikuwa amekwishafika Rusinga tangu miaka ya 1930, na sasa walikuwa na fedha za mfanyabiashara Charles Boise. Baadaye fedha zake ziliwanunulia hata boti, wakaipa jina la Miocene Lady. Mary alilibeba fuvu kwa ndege mpaka Uingereza, waandishi wa habari wakampokea. Fuvu likakaa huko miaka mingi kabla ya kurudishwa Nairobi, linakohifadhiwa sasa.

Mnyama aliitwa Proconsul. Jina hilo lilitolewa 1933 na Arthur Tindell Hopwood kwa mifupa ya Koru, hapa juu yetu Muhoroni, naye alilitoa kwa utani: Consul lilikuwa jina la sokwe wa maonyesho Ulaya, kwa hiyo huyu ni aliyemtangulia Consul. Hebu fikiria. Kiumbe kimelala Koru miaka milioni ishirini, kinaamka kinapewa jina la mnyama wa sarakasi. Mwaka 2015 wataalamu waliangalia upya wakaona wale wa Rusinga na Mfangano wanatofautiana vya kutosha na wa Koru, wakawapa jina lao: Ekembo. Ni neno la Kisuba, lugha ya visiwani, la kumtaja sokwe. Nitarudi kwenye lugha hiyo.

Ekembo hakuwa na mkia. Alitembea kwa miguu minne juu ya matawi. Wapo wa aina mbili, Ekembo nyanzae na Ekembo heseloni, na hilo la pili linatokana na Heselon Mukiri, Mkikuyu wa Kabete aliyekua pamoja na Louis Leakey na kufanya naye kazi ya kuchimba maisha yake yote. Alan Walker na wenzake ndio waliomwekea jina hilo mwaka 1993. Nalitaja kwa sababu kwenye makala nyingi za zamani watu weusi ni "wafanyakazi", bila jina, na huyu angalau amekwama ndani ya jina la kisayansi, hawezi kufutwa kirahisi.

Kuna kisa kimoja cha Rusinga ninachokipenda kuliko cha fuvu. Mwaka 1951 mwanajiolojia Thomas Whitworth alikuta duara la mawe ya kijani kwenye mwamba, limejaa mifupa ya wanyama mbalimbali pamoja na ya sokwe huyu. Akaamua ni shimo la mtoni. Mifupa ikapelekwa, ikagawanywa, mingine ikasahaulika kwenye droo za makumbusho Nairobi. Miaka ya 1980 Alan Walker na Martin Pickford wakaikuta humo stoo, wakaanza kuunganisha, wakarudi kisiwani kutazama lile shimo. Halikuwa shimo. Lilikuwa shina la mti mkubwa wenye uwazi ndani, majivu yalirundikana kuuzunguka, kisha wanyama wakaingia au wakaingizwa humo na mla nyama. Kwa zaidi ya miaka 30 watu wenye digrii walisimama juu ya mti wakauita mto. Mimi niliyeacha chuo nilicheka peke yangu niliposoma hivyo, nakiri.

Kabla ya hao wote kuna Pigott, afisa wa kikoloni, ambaye karibu na 1909 alianza kukusanya mifupa kule Karungu, kusini zaidi. Aliliwa na mamba. Makumbusho ya London yakamtuma Felix Oswald mwaka 1911 aje kumalizia, na kitabu alichoandika baadaye kilikuwa na maneno "nchi ya malale" kwenye jina lake, kwa maana pwani hizi za kusini na visiwa wakati huo vilikuwa vimeshambuliwa na ugonjwa wa malale. Mbung'o walikaa vichakani ukingoni mwa maji. Watu walikufa, wengine wakahama. Kwa hiyo mzungu mwenye nyundo alikuta fukwe kimya, akaandika kama kwamba ukimya ulikuwa ni hali ya asili ya mahali.

Niliingia Rusinga kwa bodaboda juu ya daraja. Kijana aliyenibeba hakuwa na habari ya Ekembo lakini alinionyesha njia ya kaburi la Tom Mboya bila kuulizwa. Mboya aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na kaburi lake liko hapa, kwenye jengo lililojengwa kwa umbo la risasi. Nilikaa pale dakika chache. Kisha tukaenda Kiahera.

Siwezi kudai niligundua chochote. Mteremko mkavu, mawe ya kijivu yanayomeguka, mbuzi. Mama mmoja aliyekuwa akianika omena chini kidogo aliniuliza kama nimetumwa na watu wa mifupa. Nikamwambia, "Hapana mama, nimekuja kuona tu." Akasema watu wa kuona tu ni wachache. Akasema mvua ikinyesha vizuri ndipo mifupa hutoka, kwa sababu udongo unaoshwa. Hiyo ndiyo jiolojia yote kwa sentensi moja: kinachowapa watafiti kazi ndicho kinachowaibia wenyeji udongo. Nilikumbuka Katuk Odeyo.

Kitu kilichonishangaza zaidi hakikuwa Ekembo, kilikuwa swala. Juu ya matabaka ya kale, Rusinga ina udongo mchanga zaidi, wa makumi ya maelfu ya miaka tu, na ndani yake kuna mifupa mingi ya Rusingoryx, ndugu wa nyumbu aliyekwisha kutoweka. Mwaka 2016 watafiti walieleza kwamba alikuwa na pua iliyovimba juu kama nundu yenye mirija, huenda kwa kupigia mlio. Haya, pua tuiache. Swali langu lilikuwa: mnyama wa mbugani, anayekwenda kwa makundi, alikuwa anafanya nini kwenye kisiwa cha kilomita za mraba 40 na kidogo?

Jibu ni kwamba hapakuwa na kisiwa. Nam Lolwe, ziwa tunalodhani liliumbwa pamoja na dunia, ni kijana, na tena halikai nyumbani. Lina upana wa karibu kilomita za mraba 68,800 lakini kina chake hakizidi mita 80 na kitu. Ni sahani. Miaka kama 17,000 hadi 15,000 iliyopita sahani ilikauka. Mahali ambapo leo mvuvi wa Mbita anatupa nyavu palikuwa na nyasi, na Rusinga na Mfangano vilikuwa vilima ambavyo ungefika kwa miguu. Hata ghuba letu ni la kina kifupi sana. Ziwa likishuka vya kutosha, unatembea.

Kwa hiyo orodha ya Rusinga ni hii: ubavu wa volkano, msitu, kilima cha mbugani, kisiwa. Halafu miaka ya 1980 serikali ikajaza mawe kwenye mlango wa Mbita ikajenga njia, na kisiwa kikageuka rasi. Magari yakavuka, sawa, lakini maji yakazibwa. Wavuvi walilalamika kwamba upande mmoja ziwa limekuwa bwawa na boti zinalazimika kuzunguka kisiwa kizima. Mwaka 2017 likafunguliwa daraja, maji yakapita tena chini, Rusinga ikarudishiwa cheo chake.

Usiku nililala Mbita, na hapo ndipo hali ya hewa ilinifundisha kwa nguvu. Mchana kutwa upepo ulitoka ziwani. Nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa inapanda, upepo wa ziwani unaingia kujaza nafasi. Unapita Katito, unapanda kuta, na ukifika Kericho na Nandi unageuka radi ya alasiri na ile mvua ya mawe inayopiga majani ya chai. Sehemu chache duniani zinapata mvua ya mawe mara nyingi kama huko. Sisi wa chini tunatazama mawingu meusi milimani na tunabaki na vumbi. Rusinga hali ni hiyohiyo au zaidi: mchana mawingu yanapita kwenda bara kwa wenyewe.

Usiku mashine inageuka. Milima inapoa, hewa baridi inateremka kutoka pande zote na kukutana juu ya ziwa ambalo bado lina joto. Hapo hewa ya ziwani ndiyo inayopanda sasa. Saa tisa usiku niliamshwa na ngurumo. Nilitoka mlangoni: taa za wavuvi wa omena zilikuwa zimetapakaa majini kama mji, na nyuma yao umeme unapasua mbingu upande wa Mfangano. Taa zikaanza kusogea pwani moja moja. Hazikuwa za kukimbia, zilikwenda kwa mpangilio, lakini nilizihesabu bila kujua kwa nini ninahesabu. Kila mwaka radi na mawimbi ya usiku vinachukua watu kwenye ziwa hili. Baba mkubwa alikuwa ameniambia kwamba mvuvi hulisikia ziwa mgongoni kabla ya kuliona, upepo wa nchi kavu ukibadilika ubaridi. Nilidhani ni maneno ya wazee. Asubuhi mwenye boti mmoja, jaduong' wa miaka sitini hivi, alilisema jambo lilelile kwa maneno mengine: "Upepo ukikosa mahali pa kulala, na wewe usilale."

Ni boti hiyo iliyonipeleka Mfangano. Huko mlima ni mlima kweli, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari wakati ziwa lenyewe liko mita 1,134, kwa hiyo unapanda zaidi ya mita mia tano kutoka ufukweni, na kwa kuwa ni mrefu unakamata mawingu ambayo Rusinga inayakosa. Kuna kijani, kuna chemchemi. Kwenye mapango ya Kwitone na Mawanga kuna michoro ya miduara, nyekundu na nyeupe, duara ndani ya duara, inayohusishwa na Watwa walioishi hapa kabla ya Wabantu na Wajaluo. Waliokuja baadaye waliendelea kuyaheshimu mapango hayo, yakahusishwa na kuomba mvua. Ni mahali penye akili. Kama unataka kuongea na mvua katika nchi hii, utapanda wapi tena?

Hao waliokuja baadaye ni Abasuba, ambao simulizi zao zinasema walifika kwa mitumbwi kutoka upande wa Buganda na Busoga, wakikimbia vita vya kifalme, yapata karne ya 18. Kisha majirani Wajaluo wakawazunguka, wakaoana, wakasali na kusoma pamoja kwa Dholuo, na Kisuba kikarudi nyuma kama ziwa wakati wa kiangazi. Mimi ni Mjaluo; lugha iliyokula Kisuba ni ya mama yangu. Mwenye boti alinihesabia vijukuu vyake kumi na mmoja. Hakuna hata mmoja anayekijua. Nikamuuliza kama anajua kwamba kuna sokwe wa kale duniani kote anajulikana kwa neno la Kisuba. Akaniomba nilitaje. Nikalitaja. Akanirekebisha matamshi, mara mbili, mpaka nikapata.

Niliporudi Katito nilikuwa na jambo moja la kumwambia baba mkubwa, na halikuwa la mifupa. Karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia Nam Lolwe ni mvua inayodondoka juu ya ziwa lenyewe. Siyo Nyando, siyo Sondu, siyo Kagera. Ni ile ngurumo ya saa tisa usiku. Ndiyo maana ziwa linapanda ghafla: Bahari ya Hindi ikipata joto kupita kiasi upande wetu, mvua za mwisho wa mwaka zinafurika, na sahani inajaa. Ilitokea mwishoni mwa 1961. Watu waliyaita mafuriko ya uhuru, na kufikia 1964 ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2. Ikatokea tena mwishoni mwa 2019, na 2020 maji yakafika karibu na alama ileile ya 1964. Mwaka 2024 yakapanda tena.

Nilimwambia haya jioni. Alisikiliza. Akasema, "1964 nilikuwa darasa la pili."

Siku iliyofuata akaniambia nivae viatu vya matope, twende Kusa. Maji yalikuwa yamerudi nyuma kidogo. Kiwanja chake kilikuwa kimeota matete, na ukuta mmoja wa jikoni ulikuwa umesimama na alama ya tope juu ya dirisha. Alibeba vigingi vinne na nyundo. Nilijua alichokuja kufanya na nilinyamaza, maana mtoto wa ndugu hamwambii baba yake mkubwa mahali pa kujenga.

Tulipita kiwanja. Tukapanda mpaka kwenye mkuyu mzee unaosimama peke yake juu ya njia ya ng'ombe. Akagusa shina mahali fulani, usawa wa goti langu.

"Tulikuwa tunaogelea mpaka hapa tukigusa mti huu," akasema. "Mama alikuwa anapiga kelele kutoka pale juu."

Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini alijenga chini.

"Maji yalikuwa yameenda, nyara. Kila mtu alikuwa anajenga."

Akaanza kupima kwa hatua kutoka kwenye mkuyu kwenda juu, akihesabu kwa sauti. Hatua ya kumi na nne akafika kwenye ua wa michongoma, akasimama. Kuanzia hapo ardhi si yetu. Jirani alikuwa ndani akifunga ndama. Akatuona, akaja mpaka uani, wakasalimiana na kuulizana habari za watoto.

"Mnapima nini?" jirani akauliza.

"Tunapima maji," baba mkubwa akamjibu, vigingi vingali mkononi.